Meli moja, sheli mia

Jumanne asubuhi, kabla ya saa mbili, Toyota IST ya rangi ya fedha ilizimika katikati ya Barabara ya Mandela, pua imeelekea Buguruni, nyuma ya lori la mafuta na mbele ya daladala la Temeke ambalo kondakta wake alianza kupiga bati kabla gari halijasimama sawasawa. Kwenye dashibodi zilikuwa zinawaka taa mbili za rangi ya chungwa. Moja ilikuwa ya mafuta, nayo ilianza kuwaka Ubungo. Nyingine ni ile yenye picha ya injini.

Abiria wa kiti cha nyuma alikuwa mwandishi wa safu hii, na taa ya mafuta alikuwa ameisemea mara mbili. Mara ya kwanza Ubungo penyewe: sheli iko mkono wa kushoto, pampu mbili hazina gari. "Mama, hapo siweki," dereva alisema kwa upole kabisa. "Mafuta ya hapo hayakai." Mara ya pili Tabata, kwenye sheli kubwa ya kampuni nyingine, yenye duka na choo kisafi. "Ya hapo mepesi, mama. Ukiweka ya ishirini, mchana yameisha." Mafuta anayoyaamini yeye yako ng'ambo ya Tazara, kwenye sheli moja ambayo kijiwe chao kizima kinaisifia, na huko ndiko alikokuwa anajikongoja kufika.

Hakufika. Vijana wanne waliokuwa wanauza maji kwenye foleni waliweka ndoo zao pembeni wakalisukuma gari hadi kwenye sheli ya tatu, nayo ya jina ambalo dereva halitaki. Pale aliweka ya elfu tano, haikufika hata lita mbili. Gari likawaka kwa kuvutwa starta mara ya pili, likaondoka bila kukohoa, likapita Buguruni na kupita chini ya daraja la Tazara kama kawaida. Ng'ambo ya daraja akaingia kwenye sheli yake ya imani, akashuka, akaweka ya kumi na tano, akarudi kwenye usukani na uso wa mtu aliyetua mzigo.

Kikao alichokuwa anakiendea mwandishi huko Kurasini kilianza bila yeye, lakini kuchelewa Dar es Salaam si habari. Kilichomkera ni ile elfu tano. Dereva kijana anayehesabu kila shilingi, anayejua kwa kichwa safari ipi inalipa na ipi inamla, amezipita sheli mbili, amesukumwa kama mkokoteni, amewapa vijana elfu mbili ya asante, na bado ameamini kwamba mafuta yaliyomtoa pale ni mabaya na yale ya mbele ni mazuri. Ameambiwa na nani? Na kijiwe. Waliosoma safu hii kwa muda wanaujua ugomvi wa mwandishi na neno "nasikia". Wiki hii ugomvi umepamba moto.

Ukweli hauna kona. Hapa Tanzania petroli ya kampuni moja haimpi mtu kilomita nyingi kuliko petroli ya kampuni nyingine, kwa sababu ni petroli ile ile. Tangu mwaka 2012 mafuta ya nchi hii yanaagizwa kwa pamoja, na kazi hiyo sasa inasimamiwa na wakala wake maalumu, PBPA. Kampuni zinapeleka mahitaji yao, zabuni inatangazwa, mshindi analeta meli, na meli moja inashusha mzigo wa kampuni nyingi. Kiwango cha ubora ni kimoja, na Shirika la Viwango, TBS, ndio wanaokipima. Kutoka gatini petroli inaingia kwenye maghala ya Kurasini na Kigamboni, na kampuni isiyo na matangi inahifadhiwa mafuta yake na yenye matangi. TIPER, kilichokuwa kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, leo kazi yake ni hiyo ya kuhifadhi. Hakuna meli ya petroli inayokaa na nyingine ya petroli nyepesi.

Lile lori lililokuwa mbele ya IST pale Mandela lilikuwa linarudi kupakia huko huko yanakopakia malori yote. Limepakwa rangi za kampuni, limeandikwa jina kubwa ubavuni, na ndani yake hubeba sehemu ya mzigo wa meli uliogawanywa kwa wenye majina mengine pia.

Kiswahili chenyewe kilishalimaliza hili zamani. Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda kujaza mafuta anakwenda "sheli", hata kama nembo iliyo juu ya nguzo haihusiani kabisa na Shell. Neno limetoka kwa kampuni moja likawa la wote. Na nembo nazo zinahama. BP ilipoondoka, vituo vyake vikawa vya Puma. Total ilipomaliza kuinunua Gapco mwaka 2017, nguzo zikavaa rangi mpya. Matangi yaliyochimbiwa chini hayakuhama, na bomba halikujua kwamba mwenye sheli amebadilika. Lakini kwenye vijiwe mafuta yalibadilika ladha siku rangi ilipokauka!

Mkenya asicheke. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, petroli yote inaingia kwa meli ikiwa imeshasafishwa, kampuni zinagawana mzigo, na bado Nairobi kuna mtu anayevuka mizunguko mitatu kufuata jina.

Hofu hii ya mafuta mabaya ina mzizi, na mwandishi hataki kuusahau. Kulikuwa na wakati ambapo mwenye gari alikuwa na haki ya kuogopa. Kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo mno kuliko ya petroli na dizeli, kwa hiyo mwenye sheli asiye na huruma alichanganya, akauza mchanganyiko kwa bei ya mafuta safi. Petroli yenye mafuta ya taa inashusha oktani, injini inagonga, plagi zinapata masizi, gari linakuwa zito kupanda mlima. Hapo ndipo "kuchakachua" lilipokuwa neno la kila mdomo, hadi mwaka 2010 likahamia kwenye siasa za uchaguzi na kukaa huko. Mwaka huo huo, Septemba, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa au yaliyokwepa kodi yajulikane yakipimwa. Mwaka 2011 bajeti ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, bei yake ikasogea karibu na ya dizeli, na faida ya kuchanganya ikakatika. Mchezo ulikufa kwa hesabu zaidi kuliko kwa polisi. Woga ndio uliobaki, ukatafuta pa kukaa, ukakaa kwenye majina.

Kama mtu anataka kuogopa kitu, aiogope sheli, si kampuni. Tangi la chini lililopata ufa au mfuniko usioziba linaingiza maji wakati wa masika, na maji hayana adabu kwa nembo yoyote. Pampu inayopunja inapunja chini ya jina kubwa na chini ya jina dogo. Ndiyo maana kuna Wakala wa Vipimo na ile lakiri yake ambayo mteja hata haiangalii. Gari likikatakata mara tu baada ya kujaza, mwenye gari ashike risiti arudi pale pale siku ile ile, na akiona kimya aende EWURA. Hilo ni lalamiko. "Mafuta ya hapo hayakai" si lalamiko, halina tarehe, halina lita, halina mtu wa kulijibu.

Watu wa dawa za petroli watasema mwandishi ameruka jambo. Hajaruka. Zipo kampuni zinazoongeza dawa ya kusafisha injini kwenye petroli yao, kama V-Power ya Shell kule Kenya, na dawa hizo zina kazi. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2016 kikakuta petroli yenye dawa za kiwango cha juu inaacha uchafu mdogo mara 19 kwenye injini kuliko ile yenye dawa kidogo. Lakini kipimo hicho kilikwenda maili 4,000, zaidi ya kilomita 6,400. Uchafu unajengeka pole pole, miezi kwa miezi. Hakuna dawa inayofanya ya elfu ishirini ya asubuhi ifike jioni.

Na hapo kwenye ya elfu ishirini ndipo kosa lote lilipo. Madereva wa vijiwe hawapimi mafuta kwa lita. Wanapima kwa noti. EWURA inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei inapanda au inashuka. Tuseme lita ilikuwa shilingi 2,800 na sasa ni 3,000. Noti mbili za elfu kumi zilizokuwa zinanunua lita 7.1 sasa zinanunua 6.7. Kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, zimepotea kilomita tano na ushee. Dereva anaona mafuta yameisha mapema, anakumbuka wiki hii alijaza sheli tofauti, na hukumu inatoka hapo hapo.

Daftari la jalada la kijani, ambalo wasomaji wa siku nyingi wanalijua, linakaa kwenye gari la mwandishi kwa kazi moja. Anajaza mpaka pampu inakata, anaandika kilomita. Akirudi kujaza, anajaza mpaka inakata tena, anaandika lita zilizoingia, anagawa. Mistari mibaya ya daftari lile imeangukia kwenye wiki za mvua, za foleni za shule kufunguliwa, na mwezi ule breki ya nyuma iliponata. Haijafuata jina la sheli hata mara moja. Idara ya Nishati ya Marekani inasema uendeshaji wa pupa, wa kukanyaga na kufunga breki, unaweza kula asilimia 10 hadi 40 ya mwendo wa gari kwenye foleni. Hakuna nembo duniani inayorudisha asilimia hizo.

Mwandishi alimweleza dereva haya yote walipofika Kurasini, wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, injini imezimwa. Akamwonyesha kibandiko cha Kijapani kwenye nguzo ya mlango wake, tarakimu 220, ndio upepo unaotakiwa, kama 32 kwa geji za mafundi wetu. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limelala hadi maandishi ya ubavuni yanakaribia lami. Akamwambia pia kwamba pampu ya mafuta ya gari lile imo ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo kutembea taa ikiwaka kutoka Ubungo ili kufuata mafuta mazuri kunaipika pampu. Kijana alisikiliza vizuri. Alichuchumaa, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Ya kujaza mpaka inakata sina, mama," alisema. "Naamka na elfu ishirini. Jioni hesabu ya tajiri lazima itimie."

Gari si lake. Kila siku anapeleka hesabu, mafuta ni juu yake, na matengenezo ni juu ya tajiri. Mgawanyo huu unatumika kwenye maelfu ya magari ya mjini, na mwandishi alikuwa hajawahi kuutazama kwa jicho hili: gari likianza kula mafuta, anayeumia ni dereva, na mwenye uwezo wa kulitibu haumii hata senti. Plagi zilizochoka zitachoka zaidi. Chujio la hewa litajaa vumbi na gari litakuwa zito kuondoka. Na ile taa yenye picha ya injini huenda ni kitu kidogo, huenda ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, ambayo ikiharibika inaweza kulifanya gari limwage petroli kwa kiasi cha kutisha. Idara ile ile ya Nishati ya Marekani inasema kutengeneza sensa mbovu kunaweza kuongeza mwendo kwa hadi asilimia 40.

Mwandishi akauliza hiyo taa imewaka tangu lini.

"Tangu nilipokabidhiwa, mama. Mwezi wa tatu huu."

Tajiri anajua?

"Anajua. Nilimpigia wiki ile ile, nikamwambia gari linakula mafuta na kuna taa inawaka." Alifungua mlango, akakaa, akawasha. Taa ya mafuta ilikuwa imezima. Ile nyingine ilikuwa inawaka. "Akaniambia nibadilishe sheli."