Mwalimu wa Mandera

Mandera ni mji mdogo ulioko pembeni kabisa mwa Kenya, hapo inapokutana mipaka ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,000. Mtumishi wa serikali apewaye barua ya kuhamia huko huisoma mara mbili. Ndiko alikofundisha marehemu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Mwislamu kama walivyo wenyeji wengi wa sehemu hizo.

Tarehe 21 Desemba, 2015, alikuwa ndani ya basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera. Karibu na El Wak wapiganaji wa Al-Shabaab walilishambulia kwa risasi, wakawaamuru abiria wajitenge: Waislamu huku, Wakristo kule. Hapana aliyehitaji kufafanuliwa maana ya amri hiyo. Mwaka mmoja tu uliotangulia, tarehe 22 Novemba, 2014, basi lililotoka Mandera lilitekwa vivyo hivyo, na abiria 28 waliodhaniwa si Waislamu wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokwisha kufunga shule, wakirejea makwao kwa likizo ya Krismasi.

Baada ya mauaji hayo mamia ya walimu wa kutoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kazini huko. Si haki kuwalaumu. Ni rahisi kwa aliyeketi ofisini Nairobi kusema kwamba mwalimu hana budi kufundisha popote apangwapo. Lakini pengo lilikuwa kubwa, na walioumia zaidi ni watoto. Kila mwalimu ajua kwamba naibu mwalimu mkuu ndiye apangaye ratiba ya vipindi. Basi yeye ndiye wa kwanza kuona ni darasa gani limebaki bila mtu.

Siku ile abiria Waislamu walikataa kujitenga. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na washambuliaji wakaambiwa ama wawaue wote, ama wawaache wote. Watu wawili waliuawa. Salah Farah alipigwa risasi. Akiwa kitandani hospitalini alisema kwamba tofauti iliyopo ni ya dini tu, akawaomba Waislamu wenzake wawatunze Wakristo ili Wakristo nao wawatunze wao. Januari 2016, yapata mwezi mmoja baada ya shambulio, alifariki dunia Nairobi alikokuwa akitibiwa, akaacha mjane na watoto.

Mwezi Machi mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta alimtaja kwa heshima alipolihutubia Bunge, na marehemu akatunukiwa nishani ya taifa. Mwaka 2017 ikatoka filamu fupi, Watu Wote, iliyotokana na kisa cha basi lile, nayo ikafika hadi kuwania tuzo ya Oscar. Hayo yote ni mema, nayo alistahili.

Hata hivyo, Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Tume haiwezi kutakiwa izike walimu kila mwaka. Lakini ukweli usifichwe: kule kutenganishwa kwa mwenyeji na mgeni, ambako abiria wa El Wak walikukataa mbele ya bunduki, kulitimizwa kwa barua za uhamisho.

Ni wajibu wa serikali kuhakikisha kwamba barabara hiyo yalindwa shule zifungwapo na zifunguliwapo, siyo siku ya ziara ya wakubwa peke yake. Nyumba za walimu zijengwe ndani ya ua wa shule. Vijana wa huko wasomeshwe ualimu kwa wingi, wala isiwe sababu ya kumfungia mlango mgeni atakaye kwenda. Na lile jalada la mwalimu aliyefia kazini, lenye mafao ya mjane wake, lisihamishwe kutoka meza hata meza hadi watoto warudishwe nyumbani kwa kukosa karo. Hilo halihitaji askari wala fedha mpya. Lamtaka karani alifungue na mkubwa wake atie sahihi.