Norway yavuna kwa historia ya mabaharia, Ukambani yasahau njia ya misafara

WATALII wanaofika Norway katika likizo ya kiangazi hawaendi huko kuota jua. Bahari ya nchi hiyo ni baridi, mvua hunyesha hata mwezi Julai, na gharama ya chakula na malazi ni miongoni mwa zilizo juu zaidi barani Ulaya.

Kinachowavuta ni ghuba ndefu zilizochongwa na barafu kati ya milima, vijiji vya wavuvi na, zaidi ya yote, historia ya Wavikingi, mabaharia waliovuma kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 hadi karne ya 11.

Kwa mkazi wa Mukuyuni, soko lililo kati ya vilima vya Kaunti ya Makueni, habari hizo zaweza kuonekana za mbali mno. Kutoka huko bahari haionekani, na jina la mahali lenyewe latokana na mti wa mkuyu, si na kitu chochote cha pwani.

Hata hivyo, suala linalohusika ni la karibu kuliko linavyodhaniwa. Wavikingi walijipatia jina kwa kusafiri mbali kutafuta mali, nao Wakamba wa karne ya 19 walijulikana kwa jambo lilo hilo, ila wao walikwenda kwa miguu. Tofauti kubwa ni kwamba wajukuu wa wale wa kwanza wanaendelea kula matunda ya safari hizo, ilhali wajukuu wa hawa wengine huzisoma kwa nadra katika kitabu cha shule.

Siri ya Norway

Wanaotazama mafanikio ya Norway kwa haraka huyahusisha na utajiri wake wa mafuta. Ni kweli fedha zipo, lakini kazi ya kuhifadhi ilianza kabla mafuta hayajagunduliwa katika bahari ya nchi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960.

Merikebu ya Gokstad ilifukuliwa mwaka 1880, wakati taifa hilo lingali chini ya mfalme wa Sweden. Ile ya Oseberg, yenye urefu wa zaidi ya mita 21, ilifukuliwa mwaka 1904. Ilikuwa imezikwa mwaka 834 pamoja na maiti za wanawake wawili, na nakshi za omo yake zingali zinawashangaza mafundi wa leo.

Jumba la Oslo lililozihifadhi merikebu hizo lilifungwa mwaka 2022 ili kujengwa upya na kupanuliwa, na limepangwa kufunguliwa tena mwaka 2027.

Kaskazini, katika visiwa vya Lofoten, wachimbuzi walikuta mabaki ya nyumba ya mtawala mmoja wa Kivikingi yenye urefu wa mita 83. Nyumba ya mfano wake ilijengwa papo hapo, na tangu mwaka 1995 wageni huingia, hula chakula kilichopikwa motoni na kupiga makasia katika mashua ya kale.

Katika visiwa hivyo hivyo, wavuvi wangali wanaanika samaki juu ya fito mpaka wakauke kwa upepo, bila chumvi, mithili ya ng'onda wa pwani yetu. Samaki hao huuzwa hadi Nigeria. Vibanda vya mbao walimolala wavuvi wa zamani sasa hukodishwa kwa watalii.

Hapo ndipo penye siri. Mgeni haonyeshwi historia iliyokufa kisha akapelekwa hotelini. Historia, uvuvi, chakula na malazi vimefumwa pamoja, hivi kwamba fedha za mgeni hufika kwa mwenye mashua, mwenye kibanda na mwenye kukausha samaki.

Pwani iliyokuwa rika moja

Afrika Mashariki haikosi cha kulinganisha. Wavikingi walipoanza kuvamia visiwa vya Uingereza mwaka 793, Waswahili wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuwa tayari na makazi yao, na uchimbuzi wa miaka ya 1980 ulifichua hapo misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne hizo za mwanzo.

Pande zote mbili zilifungamana na soko moja kubwa la dunia ya Kiislamu. Dirhamu za fedha za Waarabu zimefukuliwa kwa maelfu katika nchi za Wavikingi, na hapo Shanga zilipatikana sarafu ndogo za fedha zilizofuliwa papo hapo.

Kuhusu vyombo, pwani ilikuwa na mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja na kusafiri kwa tanga la mkeka. Chombo hicho kilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Mfano wake ulijengwa Zanzibar mwaka 2003 na kuwekwa katika Beit el Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Si kwamba Kenya imelala kabisa. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011, na magofu ya Gedi mwaka 2024. Huko Shimoni, wanakijiji wenyewe huendesha matembezi katika pango linalohusishwa na biashara ya watumwa, na kisiwani Wasini akina mama hutoza ada kwa wanaopita juu ya daraja la mbao kati ya matumbawe na mikoko.

Lakini orodha hiyo yote ni ya pwani. Bara, yalikotoka mengi ya yaliyoitajirisha pwani hiyo, haimo.

Njia iliyopita Nzaui

Tangu mwanzoni mwa karne ya 19, misafara ya Wakamba yenye mamia ya watu ilibeba pembe za ndovu kutoka bara, ikavuka nyika kame ya Taru na kufika Mombasa. Ilirudi na shanga, nguo, nyaya za shaba na chumvi. Njaa kali ya mwaka 1836 iliwasukuma wengine kuhamia pwani moja kwa moja, na jamii za Wakamba zilizokaa Rabai na Mariakani ni ushahidi ulio hai. Jina la Mariakani lenyewe huhusishwa na mariaka, yaani mapodo ya mishale.

Maarufu kuliko wote miongoni mwa wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Ni kwake alikofikia mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, na ni kutoka Kitui alikouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Jina aliloliandika alilisikia kwa Wakamba, na kutoka hapo likawa jina la nchi nzima. Kivoi aliuawa na wanyang'anyi mwaka 1851 akiwa safarini na Krapf kuelekea mto Tana.

Baadaye Waswahili na Waarabu walianza kuingia bara wenyewe, na mwishoni mwa karne njia kuu ya kwenda Uganda ikapita Tsavo, Kibwezi, Nzaui na Machakos. Mlima Nzaui, ulio katika Makueni ya leo, ulikuwa alama na kituo cha wasafiri. Reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901 ndiyo iliyoufunga ukurasa wa misafara ya miguu.

Hata mtalii anayenunua kinyago ufukoni Diani au Malindi anagusa historia hii bila kujua. Uchongaji wa kibiashara wa Wakamba huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wachongaji kutoka Ukambani wakajenga kazi yao Mombasa, na chama chao cha ushirika cha Changamwe kimekuwapo tangu mwaka 1963.

Fedha zinazopita

Swali la msingi basi si kama Ukambani ina historia ya kumwonyesha mgeni. Swali ni kwa nini mgeni hupita bila kusimama.

Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa wapatao milioni 2.4. Wengi wao huelekea mbuga za wanyama na fuo za bahari. Kati ya Nairobi na Mombasa hupita Makueni kwa ndege, kwa gari au, tangu mwaka 2017, kwa treni ya reli ya kisasa, na wengi huijua kaunti hiyo kwa maembe na vikapu vinavyouzwa kando ya barabara.

Wakenya wenyewe hufanya vivyo hivyo. Mzazi wa Mukuyuni anayelipa nauli ili mwanawe akaione Ngome ya Yesu anafanya jambo jema. Hata hivyo, mtoto huyo hupita karibu na njia waliyoikanyaga mababu zake kuelekea mji uo huo, na hapati mtu wa kumwonyesha. Hurudi nyumbani akiamini kwamba historia ni ya watu wa pwani, na kwamba watu wake walikuwa watazamaji tu.

Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko ya fedha.

Mfano wa kinachowezekana upo hapo hapo Makueni. Hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na jamii iliyokuja na kazi ya reli, lingali linampa msafiri yeyote chakula na mahali pa kulala bila kuuliza dini yake. Hakuna aliyeligeuza kuwa kumbukumbu kavu. Linafanya leo kazi lililojengewa, na ndiyo maana wasafiri hulikumbuka.

Nani awajibike?

Katiba ya mwaka 2010 haikuacha jambo hili hewani. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, makavazi na utalii wa mashinani, huku serikali ya kitaifa ikibaki na majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 nayo imeweka utaratibu wa kuyatambua na kuyalinda maeneo hayo.

Ugumu ni kwamba njia ya misafara haitambui mipaka. Inaanza Kitui, inapita Makueni na Taita Taveta, inaishia Kwale, Kilifi na Mombasa. Kaunti moja ikisimika bango peke yake, mgeni ataona bango wala si njia. Kaunti hizo zikikubaliana juu ya vituo, waelekezi na masimulizi yanayoungana, safari ya pwani yaweza kuanza Kitui badala ya kuanza ufukoni.

Gharama ya kuanza si ya kutisha. Norway ilijenga makumbusho ya mamilioni, lakini uti wa mgongo wa utalii wake wa pwani ni familia iliyokarabati kibanda cha babu yake. Makueni haihitaji jumba la marumaru. Yahitaji wazee wasikilizwe na kurekodiwa wangalipo, vijana wafunzwe kuongoza wageni, na mabonde ya Kilungu na mlima Nzaui vipewe njia salama za kutembea.

Lipo pia la kujihadhari nalo. Norway imeanza kulemewa na wageni wake. Katika vijiji vidogo vya Lofoten barabara nyembamba hujaa magari, na wenyeji wamelalamikia takataka na uhaba wa vyoo. Mwezi Juni 2025 Bunge la nchi hiyo liliidhinisha sheria ya kuziruhusu manispaa zilizolemewa kutoza hadi asilimia 3 ya bei ya malazi ili zigharamie huduma hizo. Mwenye kuanza leo ana nafasi ya kupanga mapema nani atalipa na nani atanufaika.

Aidha, historia isipakwe rangi. Wavikingi walipora na kuteka watumwa, na makumbusho yanayoheshimika hayafichi hilo. Biashara ya pwani ya karne ya 19 nayo iliambatana na utumwa na mauaji ya ndovu wasiohesabika. Njia ya misafara ikisimuliwa bila machozi hayo itakuwa tangazo la biashara, na mgeni mwerevu atalitambua.

Mabadiliko ya hali ya hewa yanazidi kulibana shamba la mahindi katika vilima vya Makueni, na kila kipato cha ziada kina thamani. Hata hivyo, hoja yenye uzito zaidi si shilingi. Nchi iliyopata jina lake kutoka kinywani mwa wafanyabiashara wa Kikamba haiwezi kuendelea kuwafundisha watoto wao kwamba safari kubwa za dunia zilifanywa na wengine.

Oseberg ilikaa chini ya udongo miaka zaidi ya elfu moja kabla ya kufukuliwa. Njia ya Nzaui ina chini ya miaka mia na hamsini tangu misafara yake ya mwisho, na simulizi zake zimepokezwa vizazi vichache tu. Kila mzee anayezikwa nazo anaifanya kazi ya watakaokuja kuwa ngumu zaidi, kwa kuwa masimulizi, tofauti na mbao za merikebu, hayafukuliki.