"Haiingii Maji," Asema Mwenye Duka

Ukienda mjini kununua simu janja, mwenye duka atakutolea moja, ataisifu rangi yake na picha zake, kisha atasema, "Na hii haiingii maji." Wewe nawe utakumbuka mvua, utakumbuka ndoo ya maziwa na hori la ng'ombe, na mkono utaelekea mfukoni. Ngoja kidogo, Bwana Mkulima. Maneno hayo mawili yana bei, na mlipaji ni wewe. Yafaa ujue maana yake kabla fedha hazijatoka.

Kwetu sisi wa skimu simu si pambo tena. Malipo ya maziwa kutoka chama cha ushirika huja kwa simu. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku huja kwa simu. Karo ya mtoto hulipwa kwa simu, na daktari wa ng'ombe huitwa kwa simu usiku ndama akikwama. Tena simu hiyo haikai mezani kama ya karani. Yaenda nawe zizini alfajiri, yaenda nawe ukibeba bomba la dawa mgongoni, na hunyeshewa pamoja nawe ukipeleka maziwa barabarani. Mkulima wa Mwea hushinda nayo majarubani, na wa Kinangop huinama nayo juu ya pipa la maji. Na wengi wetu huinunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Simu ikifa maji mwezi wa pili, deni halifi pamoja nayo.

Basi tazama sanduku. Simu iliyopimwa huandikwa herufi mbili, I na P, kisha tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, nayo haizidi 6. Ya pili ndiyo ya maji. Hizo ni alama za kipimo cha mataifa yote kiitwacho IEC 60529. Ukiona 4 mahali pa maji, kama vile IP54, maana yake simu ilirushiwa maji kutoka kila upande ikavumilia. Haikuzamishwa. Ukiona 7, ilizamishwa katika maji ya mita 1 kwa dakika 30. Ukiona 8, ilipita kipimo hicho, lakini kina chake na muda wake hutajwa na mwenye kiwanda mwenyewe. Ndiyo sababu IP68 moja si sawa na nyingine. Samsung Galaxy S7 ya mwaka 2016 ilitajiwa mita 1.5 kwa dakika 30, na iPhone 12 ya mwaka 2020 ilitajiwa mita 6 kwa dakika hizo hizo. Alama ni ile ile. Na kama sandukuni hakuna alama yo yote, basi "haiingii maji" ni maneno ya mdomo tu, wala huna pa kuyashika.

Lakini hata simu yenye alama, usisahau ilipimwa wapi. Ilipimwa ikiwa mpya, katika maji safi yaliyotulia, na maji yenyewe hayakupishana na simu kwa joto zaidi ya digrii 5. Sasa linganisha na shamba lako. Simu imekaa mfukoni juani tangu saa nne, imepata moto, nawe wainama juu ya hori, chubwi! Maji ya hori ni baridi. Hewa iliyo ndani ya simu hupoa ghafula, hupungua, na huvuta maji kupitia kila upenyo mdogo. Hilo halikuwamo katika kipimo.

Liko jambo jingine ambalo huwapotosha watu wengi. Hudhani kwamba namba kubwa yabeba namba ndogo zote, kama vile mtoto wa darasa la saba amekwisha pita la tano. Kwa namba za maji ni kweli mpaka 6 tu. Namba 5 na 6 ni za maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka kwenye mpira. Namba 7 na 8 ni za kuzama, nazo hazisemi lo lote juu ya maji ya nguvu, ila kama sanduku limeandikwa alama zote mbili. Kwa hiyo simu iliyovumilia kukaa chini ya maji nusu saa yaweza kushindwa na mpira wa kuoshea zizi kwa dakika moja. Kuiweka simu chini ya bomba ili kuosha samadi, kwa kuwa "ni IP68," ni kujitafutia hasara.

Na tufikiri juu ya maji yetu yenyewe. Zizini kuna maziwa, ambayo hukauka ndani ya tundu la chaji na kuacha uchafu wake humo. Kuna sabuni, ambayo huyafanya maji kuwa mepesi kupenya mahali yasipoweza kupenya yakiwa matupu. Kuna dawa ya kupe na dawa za kunyunyizia viazi. Kuna jasho, nalo lina chumvi. Kipimo kile hakikutumia hata kimoja katika vitu hivyo.

Kitu kinachozuia maji ni gundi iliyozunguka kioo na mgongo wa simu, mipira myembamba kwenye vitundu, na utando mdogo sana mbele ya kipaza sauti. Vitu hivi huzeeka kama mpira wa pampu unavyozeeka. Simu ikianguka juu ya jiwe, hata kioo kisipovunjika, gundi yaweza kuachia kwa upande mmoja nawe usijue. Na fundi wa sokoni akiifungua abadili betri, kisha aifunge bila kutia gundi mpya, hapo ile alama ya sandukuni imekwisha kazi yake. Wenye viwanda hawalifichi jambo hili. Apple na Samsung wote huandika kwamba uwezo wa kuzuia maji si wa milele, bali hupungua kwa matumizi. Huliandika kwa herufi ndogo.

Msidhani kwamba waliokosea kuyaelewa matangazo haya ni wakulima tu. Huko ng'ambo, ambako simu hizi hununuliwa na watu wenye fedha na elimu ya kutosha, jambo hili limefika mbele ya wakubwa. Mwaka 2020 idara ya Italia inayolinda ushindani wa biashara na haki za wanunuzi iliitoza Apple faini ya euro milioni 10. Kosa lake ni kwamba ilitangaza kina cha mita kadhaa bila kueleza wazi kwamba hayo ni ya maji safi yaliyotulia ya maabara, na huku ilikataa kuwahudumia kwa dhamana watu ambao simu zao ziliharibiwa na maji. Mwaka 2022 korti ya Australia iliiamuru Samsung ya huko ilipe dola milioni 14 za nchi hiyo. Ilikuwa imetangaza aina 7 za Galaxy kwa picha zilizowafanya watu wafikiri kwamba zafaa kutumiwa ndani ya mabwawa ya kuogelea na baharini, kumbe tundu la chaji laweza kuliwa na kutu simu ikichajiwa ingali na maji.

Labda utaniambia, "Lakini simu ya jirani ilianguka ndani ya ndoo, ikatoka ikilia." Sikatai. Simu mpya yenye 7 au 8 ikianguka majini ikatolewa mara moja, mara nyingi hupona, na mvua ya njiani haiisumbui. Huo ni msaada mkubwa, na miaka kumi na mitano iliyopita simu nyingi zilikufa kwa ajali ndogo kuliko hiyo. Ninalokataa ni kuugeuza msaada wa ajali kuwa desturi ya kila siku.

Maoni yangu ni haya. Kama simu mbili zatofautiana kidogo kwa bei, na moja ina alama ya kuzama, chukua hiyo. Lakini usiongeze mkopo kwa ajili ya alama. Kwanza muulize mwenye duka swali moja, "Ikifa maji ndani ya mwaka huu, utanipa nyingine?" Kama atajibu ndiyo, aandike kwenye risiti na atie sahihi. Nadhani utaona kalamu ikisita, kwa sababu dhamana nyingi hazihesabu hasara ya maji. Ndani ya simu nyingi kuna alama ndogo nyeupe ambayo hugeuka nyekundu ikiguswa na maji, na fundi wa kampuni hutazama hiyo kwanza. Mimi naona hili si haki. Anayeuza kwa neno "maji" na alibebe neno hilo katika dhamana yake, au aliondoe mdomoni. Vyama vyetu vya ushirika, ambavyo vingine huwatafutia wanachama simu za mkopo, vyaweza kulidai jambo hili kwa sauti kubwa kuliko mtu mmoja aliyesimama mbele ya kaunta.

Kinga ya bei ndogo ipo. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo usiitafute hiyo. Nunua kifuko cha simu chenye mdomo wa kubana na kamba ya shingoni, au tumia mkebe wenye kifuniko kizuri. Wakati wa kukamua, wakati wa kuogesha ng'ombe na wakati wa kunyunyizia dawa, simu na ikae mahali pakavu. Atakayekupigia dakika hizo atapiga tena.

Na ikianguka? Itoe, izime mara moja. Usiichaji, hata kama mnunuzi wa viazi amesema atapiga saa hiyo hiyo. Umeme na maji vikikutana katika lile tundu hula madini yake, na hapo ndipo simu nyingi zilizookoka majini hufia. Ikiwa ni kabambe ya zamani, toa betri. Toa kava, toa laini, ifute kwa kitambaa kikavu. Kama ni maziwa au sabuni, na simu ni ile yenye alama ya kuzama, isuuze kidogo kwa maji safi. Isiyo na alama usiisuuze. Igonge polepole kiganjani, tundu likitazama chini, kisha iache mahali penye upepo hata siku nzima. Usiiweke karibu na jiko wala juani. Wala usiifukie ndani ya mchele. Apple yenyewe huwaonya watu juu ya mchele, kwa kuwa chembe zake zaweza kuingia ndani na kuiharibu simu.

Ikikataa kabisa kuwaka, usiogope juu ya fedha zako za M-Pesa, kwa maana hazikai ndani ya simu. Laini ikiwa nzima, itie katika simu nyingine. Ikiwa imeharibika, nenda na kitambulisho ukapewe laini mpya yenye namba ile ile. Visivyorudi ni vile vilivyoandikwa ndani ya simu peke yake. Kwa hiyo jioni hii chukua daftari la maziwa, na kwenye ukurasa wa nyuma uandike kwa kalamu namba ya daktari wa ng'ombe, ya karani wa ushirika na ya mnunuzi wa viazi.