Hakimu Amalize Kesi Kwanza

Hakimu akihamishwa leo kutoka Mombasa kwenda Kitale, kesi alizozifikisha nusu hubaki hapa, na nyingi hurudi mwanzo. Kila wakili analijua jambo hili, kila karani wa mahakama, na kila mfanyabiashara wa Biashara Street aliyewahi kuitwa shahidi. Bado linaendelea.

Chukua wizi wa kawaida. Duka la leso limevunjwa usiku, marobota yamebebwa, polisi wamekamata watu sita. Hati ya mashtaka inakuja ndefu: kula njama, kuvunja duka na kuiba, na shtaka mbadala la kupatikana na mali ya wizi. Sheria inaruhusu. Vifungu vya 135 na 136 vya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai vinakubali mashtaka kadhaa na washtakiwa kadhaa kuwekwa kwenye faili moja ikiwa tukio ni moja. Mwenye duka anatoa ushahidi, bawabu naye, afisa mpelelezi anangoja zamu yake. Kisha barua ya uhamisho inafika.

Kifungu cha 200 cha sheria hiyo kinamtaka hakimu mpya amweleze mshtakiwa kwamba anaweza kudai mashahidi waliokwishasikizwa waitwe tena. Ni haki ya maana: anayekuhukumu anafaa kumwona shahidi akibanwa kwa maswali, asitegemee maandishi ya mwenzake. Lakini piga hesabu. Kizimbani wako sita, na sita wataulizwa. Watano wakisema tuendelee na mmoja akataka shahidi arudi, mwenye duka huenda akafunga duka tena. Hakimu akisahau kuwauliza ni balaa zaidi: hukumu inaweza kufutwa kwenye rufaa miaka baadaye na kesi ikaamriwa isikizwe upya, wakati bawabu alisharudi kwao bara na hajulikani aliko.

Wengi huyapima mambo haya ya kurudia kesi kwa filamu za Marekani, ambako jopo la raia 12 likishindwa kuafikiana jaji hulivunja. Jopo hilo laweza kumtia mtu hatiani kwa shtaka la kwanza, kumwachilia kwa la pili na kukwama kwenye la tatu. La tatu ndilo linaloweza kurudiwa. Kwetu hakuna jopo, na hata wazee wa baraza waliokuwa wakimshauri jaji waliondolewa mwaka 2007. Kutenganisha, hata hivyo, tunakujua. Muuza leso akikuta kipande kimoja cha doti kina doa, hutia mkasi katikati akaokoa cha pili. Mahakama nayo hupima kila shtaka na kila mshtakiwa peke yake. Katika kesi ya pembe za ndovu, zaidi ya tani mbili, zilizonaswa Tudor mwaka 2014, Feisal Mohamed Ali alihukumiwa Julai 2016 kifungo cha miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20, ilhali washtakiwa wenzake waliachiliwa. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikafuta hukumu yake, naye akatoka.

Mtu akishaachiliwa kwa hukumu, Katiba katika kifungu cha 50 inakataza afunguliwe kesi nyingine kwa kosa lile lile. (Kuondolewa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ni mambo mengine, hapo anaweza kukamatwa tena kabla hajafika mlangoni.) Wala kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake. Mahakama za rufaa zimelishikilia hilo tangu kesi ya Fatehali Manji ya 1966.

Dawa haihitaji tume. Tangu Machi 2020, Covid ilipofunga milango, mahakama zetu zimezoea kusikiza kesi kwa video. Hakimu aliyepelekwa Kitale anaweza kumalizia faili yake ya Mombasa bila kupanda basi. Shahidi akihitaji kuonekana ana kwa ana, basi hakimu arudi wiki moja, alipiwe nauli na malazi. Hilo ni rahisi kuliko kuwaita mashahidi wote upya na kuwalisha mahabusu Shimo la Tewa mwaka mwingine.

Tunaambiwa mahakimu ni wachache na kituo kipya kina kesi zake. Tumesikia. Kesi zake nyingi ndiyo kwanza zinaanza. Hizi za huku zimebakiza mashahidi wawili watatu.

Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma nayo ipunguze tamaa. Mashtaka mawili yenye ushahidi yanatosha, na mshtakiwa aliyeruka dhamana afunguliwe faili yake ili wenzake waendelee. Idara ya Mahakama, kabla ya kutoa orodha ijayo ya uhamisho, imuulize kila hakimu ni faili zipi ziko nusu, na kila moja iandikiwe tarehe ya kumalizika na jina la atakayeimaliza.