Kabla ya Kuukanda Mgongo

Kiuno kikianza kuuma, wengi wetu huku hatuanzii hospitalini. Mchimba dhahabu wa Macalder aliyeshinda akibeba magunia ya mawe, mkata miwa wa Awendo, mvuvi wa Mbita, mpakiaji mchanga wa ufukweni Homa Bay: wote wana mkandaji au mganga wa mitishamba wanayemjua, anayepatikana hata usiku na anayekubali kulipwa baadaye. Makala haya tumeyaandaa kwa ajili yao.

Mkandaji stadi anastahili heshima. Huuliza kwanza mtu anafanya kazi gani, kisha hupaka mafuta na kupapasa kiuno mpaka apate palipokaza. Wakandaji wengi hushikilia kwamba kiuno huumizwa na mizigo na kuinama kutwa, na hapo hawapishani sana na madaktari. Maumivu mengi ya kiuno hayana ugonjwa mkubwa nyuma yake. Hupungua baada ya wiki chache, mradi mtu asilale kitandani tu. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa aende nyumbani, sioni kwamba amehudumiwa vizuri kuliko aliyekandwa.

Lakini hapa ni Homa Bay na Migori. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta virusi vya Ukimwi kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 wa Migori. Virusi hivyo hukifungulia njia kifua kikuu, na kifua kikuu hakiishii kifuani. Kikiingia mifupani, karibu nusu ya wagonjwa hushikwa uti wa mgongo. Pingili huliwa polepole, kwa miezi, na mgonjwa huamini kwamba aliteguka kazini. Mgongo huo ukikandamizwa kwa nguvu, pingili inaweza kuporomoka na miguu ikapooza. Dawa zipo, hutolewa bure katika vituo vya umma, na humezwa kwa miezi 12. Na kwa sababu ya virusi vya Ukimwi, wembe wa mganga wa kuchanjia chale usipite kamwe kutoka mwili mmoja hadi mwingine.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 ilitaka uwepo utaratibu wa rufaa kutoka kwa waganga wa jadi hadi vituo vya afya. Wengine wamekwenda mbali zaidi: Korea Kusini iliwatambua kisheria madaktari wa tiba ya jadi mwaka 1951. Leo husoma chuoni miaka sita, na tangu 2019 bima ya taifa hulipia tiba yao ya kunyoosha mgongo kwa mikono. Sisi tunaweza kuanza bila vyuo hivyo. Idara za afya za kaunti zote mbili ziwaite wakandaji, ziwafunze dalili za hatari, ziwape karatasi ya rufaa ambayo daktari ataipokea bila dharau. Daktari naye akiona mgongo ni mzima, amrudishe mgonjwa kwa mkandaji wake.

Nanyi wakandaji, msimguse mgongo mtu mwenye homa za jioni na jasho la usiku, aliyekonda bila sababu, aliyeota kibyongo, au ambaye miguu imelegea au mkojo unamponyoka. Mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo.