Eropleni Inapokuwa Kiziwi

Wasomaji wetu wamekwisha zoea kukuta katika safu hii habari za pampu za maji, mashine za kusaga na redio za betri. Juma hili nataka kuwapeleka mbali kidogo, hata Marekani, nikawaonyeshe jinsi mafundi wa huko watafutavyo ugonjwa katika redio ya eropleni. Mwenye redio nyumbani kwake atatambua mengi.

Katika nchi ile wako maelfu ya watu wa kawaida, makarani, waalimu, wakulima na mafundi wa motokaa, ambao hujiundia eropleni wenyewe katika banda la nyumbani. Sheria huwaruhusu, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mwenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha, na mradi chombo kikaguliwe na kuandikwa kwamba ni cha majaribio. Mwaka 1953 Bwana Paul Poberezny aliwakusanya wenzake mjini Milwaukee wakaunda chama cha wajenzi hao, na chama hicho kingali hai. Wengine hununua mbao na turubai wakaanza tangu mwanzo. Wengine hununua vipande vilivyokatwa tayari kutoka kampuni kama Van's Aircraft ya Oregon, ambayo eropleni zake zilizokwisha ruka ni zaidi ya 10,000. Kazi huchukua miaka. Basi fikirini mtu aliyegonga ribiti elfu nyingi kwa mkono wake, siku ya siku imefika, chombo kimepaa vizuri, lakini redio inanong'ona kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Mtu asidhani kwamba hilo ni jambo la kukosa starehe tu. Viwanja vingi vidogo vya Marekani havina mnara wala mwongozaji. Rubani mwenyewe hutangaza kwa redio mahali alipo na anakoelekea, na wengine humsikia wakajihadhari. Asiyesikia huenda akateremka juu ya mgongo wa mwenziwe. Tena kila mwisho wa mwezi wa Julai chama kile hufanya mkutano mkubwa huko Oshkosh, katika Wisconsin, na ndege zaidi ya 10,000 hufika. Zile ndogo hufuata njia ya reli kutoka Ripon mpaka kijiji cha Fisk, moja nyuma ya moja, na hapo waongozaji hukaa wakizitazama kwa darubini. Hawana nafasi ya mazungumzo. Huita kwa rangi na umbo, wakisema kwamba yule mwekundu mwenye mabawa ya chini atikise mabawa yake, naye hutikisa bila kujibu neno. Hebu fikiri hali ya rubani ambaye katika foleni ile haisikii amri, akaendelea mbele moja kwa moja huku wenzake wamekwisha amriwa kupinda.

Sasa tuje katika ufundi wenyewe. Wengi redio ikidhoofika hukimbilia kununua redio mpya. Mimi naona ni haraka isiyo na faida, kwa maana redio ya eropleni ni ghali mno, na aghalabu si yenye kosa. Mganga mwema huuliza maswali kwanza kabla ya kutoa dawa.

Swali la kwanza ni hili: nani hamsikii nani? Ikiwa rubani hasikii vizuri na wengine pia hawamsikii vizuri, ugonjwa hukaa mahali ambapo sauti zinazoingia na zinazotoka hupita pamoja, yaani katika eriali au katika kebo inayokwenda kwenye eriali. Ikiwa wengine humsikia wazi lakini yeye hawasikii, basi tazama redio yenyewe, kifaa cha masikioni, au makelele ya umeme yanayomziba. Na ikiwa yeye husikia lakini hasikiki, kwanza shuku kipaza sauti chake na nguvu ya umeme inayofika kwenye redio.

Swali la pili: je, udhaifu huo hutokea wapi? Redio za ndege hutumia mawimbi ya 118 mpaka 137 megahezi, na mawimbi hayo hayana tabia ya yale mafupi yanayotuletea habari za ng'ambo usiku. Yale mafupi hugonga tabaka la juu la anga yakarudi chini. Haya ya ndege huenda karibu sawasawa kama mwangaza wa taa, na kilima huyazuia. Ukiwa juu futi 1,000 juu ya nchi tambarare huwezi kutazamia kuisikia stesheni iliyo chini mbali zaidi ya kilomita 72 hivi. Ukipanda futi 4,000, umbali huo huongezeka maradufu. Kwa hiyo mtu aliyetua nyuma ya kilima akalalamika kwamba hasikii mnara ulio mbali, chombo chake hakina kosa lo lote.

Tuseme maswali yamekwisha na ugonjwa bado upo. Hapo kuna jaribio moja ambalo nalipenda kuliko yote, kwa kuwa ni rahisi na halina ubishi. Marubani wengi wana redio ndogo ya kushika mkononi. Chomoa kebo ya eriali nyuma ya redio kubwa, uiunganishe na ile ndogo, kisha sikiliza. Ndogo ikisikia vizuri kwa eriali ile ile, kebo na eriali ni nzima. Shida iko katika redio kubwa au katika kiti chake. Ndogo nayo ikiwa kiziwi, umekwisha jua kwamba kununua redio mpya kungekuwa kutupa fedha.

Nimesema kiti chake, na sikukosea. Redio nyingi za eropleni huingizwa katika sanduku jembamba la bati kama mtoto wa meza, na nyuma yake ndipo kiungo cha eriali kinapokutana na mwenziwe. Redio isiposukumwa hata mwisho, viungo hukaribiana tu bila kushikana barabara. Taa huwaka, namba huonekana, kila kitu chaonekana chema, lakini redio husikia nusu. Dawa yake ni kukaza skrubu moja. Jambo jingine la namna hiyo ni kubadilishana kwa kebo mbili. Katika eropleni nyingi iko eriali ya mazungumzo, iliyosimama wima, na nyingine ya kuongozea njia, iliyolala kama masharubu ya paka, nazo kebo zao hufanana kama mapacha. Ukichomeka redio ya mazungumzo katika ile iliyolala, utasikia, lakini kwa shida.

Kebo yenyewe ni uzi wa shaba katikati, kisha mpira mweupe, kisha wavu wa shaba unaouzunguka. Kwa mita chache za ndani ya eropleni ndogo, kebo nzima hupoteza nguvu kidogo tu. Maradhi hupatikana katika ncha zake. Hapo ndipo fundi wa nyumbani, ambaye mkono wake ni hodari katika bati lakini haujazoea kazi ndogo ya kulehemu, huacha unywele mmoja wa wavu ukagusa uzi wa katikati, au hubana pini isikae mahali pake. Vijana wanaojifunza ufundi wafanye mazoezi juu ya kipande cha kebo cha kutupwa, mara tano au sita, kabla ya kugusa kile cha kazi.

Mita ya umeme itakusaidia, lakini kwa mpaka. Fungua kebo pande zote mbili. Kati ya uzi na wavu pasiwe na njia ya umeme. Kutoka ncha moja ya uzi hata ncha nyingine pawe na njia safi, na vivyo hivyo kwa wavu. Ukipima, itikise kebo polepole, maana kiungo kibovu hujificha kinapotulia. Lakini nasema kwa mpaka kwa sababu mita hutumia umeme wa betri usiobadilika, na kiungo chenye kutu huweza kuupitisha huo huku kikiyazuia mawimbi ya redio. Tena eriali nyingine zimeundwa kwa makusudi hata uzi na wavu wake huonekana zimeungana, wala hilo si kosa. Soma karatasi ya mwenye kuitengeneza. Chombo cha haki zaidi ni kile kipimacho nguvu zinazorudi kutoka kwenye eriali. Kikisoma 2 kwa 1, sehemu 11 katika 100 ndizo zinazorudi, na hilo si neno. Kikisoma 3 kwa 1, robo nzima inarudi, na hapo yafaa kuanza kutafuta.

Eriali nayo ina jambo ambalo wengi hawalifahamu. Fimbo ile ndogo inayoonekana juu ya mgongo wa eropleni, yenye urefu wa nusu mita na kitu, ni nusu tu ya eriali. Nusu ya pili ni bati la eropleni lililo chini yake. Basi ikiwa fundi alipaka rangi nzuri kabla ya kufunga fimbo, rangi ile imeitenga nusu moja na mwenziwe. Hana budi kuikwangua mpaka chuma king'ae, kufunga imara, kisha kuziba ukingo maji yasiingie. Katika eropleni ya mbao na turubai hapana bati, kwa hiyo imempasa kulitengeneza kwa vipande vyembamba vya shaba au alumini vinavyotoka penye fimbo kwenda pande nne, kila kimoja karibu sawa na urefu wa fimbo.

Tangu Bwana Burt Rutan aliporusha eropleni yake ya VariEze mwaka 1975, wajenzi wengi wametumia nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Vitu hivyo havizuii mawimbi, na kwa hiyo watu hubandika utepe wa shaba ndani ya bawa au ya pezi la mkia, eriali isionekane kabisa. Ni werevu, nami nausifu. Lakini nyuzi za kaboni, ambazo kwa macho ni ndugu yake, hupitisha umeme, na eriali iliyofichwa ndani yake ni sawa na redio iliyofungiwa katika debe.

Yamebaki makelele. Kwa hayo, washa redio injini ikiwa imezimwa, ufungue kile kizuizi kinachonyamazisha mvumo, kisha zima vyombo vingine kimoja kimoja: taa, kipima injini, chombo cha kujazia simu umeme. Hicho cha simu, kwa jinsi kilivyo kidogo na rahisi, kina fitina nyingi. Mvumo ukipungua ghafula, umemkamata mwizi. Na msidhani kwamba kwa kuwa hamsikii makelele basi hayapo. Kizuizi kinachojirekebisha chenyewe huinuka kadiri ya makelele, na stesheni dhaifu hushindwa kukifungua. Rubani husikia kimya kitamu, kumbe watu wanamwita.

Ikiwa shida huja injini inapounguruma tu, kazi hii ifanywe na watu wawili, magurudumu yamezuiwa na mkia umefungwa kwa kamba, wala mtu asisogee mbele karibu na rafadha. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini hutoka kwenye jenereta. Izime kwa swichi yake uone. Mkwaruzo wa tiki-tiki-tiki hutoka kwenye cheche za plagi. Jaribu magineto ya kushoto peke yake, kisha ya kulia, na ile inayochafua sauti ndiyo yenye waya uliochanika gamba lake la nje.

Baada ya matengenezo, mjenzi apande hewani katika siku njema, mahali pasipo na ndege nyingi, amwombe mwenziwe aliye chini azungumze naye huku yeye akizunguka polepole duara nzima bila kuinamisha mabawa sana. Aandike sauti ilikuwaje akielekea kila upande. Sauti ikififia upande mmoja tu, mara nyingi mguu wa gurudumu au tumbo la eropleni limeifunika eriali. Huyo hahitaji waya mpya. Atatoboa tundu jingine mahali palipo wazi zaidi, ahamishe fimbo, na lile tundu la kwanza aliwekee kiraka cha alumini chenye ribiti.