Doa la Unyayoni na Maji ya Udhu

Mama yetu mmoja wa Ng'ambo, hapa Tabora, alikuwa na doa jeusi kisiginoni. Kwa miaka mingi lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Mwaka huu likapanuka, kingo zikapinda, upande mmoja ukazidi weusi, na kandambili zikawa zinalitonesha. Mwenyewe alisema ni sugu. Mjukuu wake, anayemmiminia maji ya udhu, ndiye aliyeshtuka.

Sisi watu wa Unyanyembe tumezoea kuudharau unyayo. Wazee wetu walibeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi, na mwiba haukuwa sababu ya kumsimamisha mpagazi. Hata hivyo, matabibu wanatufahamisha kwamba melanoma, saratani kali inayoanzia katika chembe za rangi ya ngozi, kwa watu weusi hujitokeza zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina kosa. (Kwa ndugu zetu wenye ualbino hali ni nyingine, saratani zao za ngozi huletwa hasa na jua.)

Mama alikubali kwenda hospitali, kisha akasita kwa swali ambalo daktari hakulitarajia: mguu ukifungwa, atatawadhaje? Akataka kungoja. Sheikh wa mtaani akamkumbusha habari iliyopokewa katika Sunan Abi Daud, ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu; akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwakemea vikali. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mgonjwa huosha palipo pazima, hupangusa kwa maji juu ya bandeji, na hutayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Swali likaisha.

Kazi yenyewe haikufika saa moja. Sindano ya ganzi (hiyo ndiyo iliyomliza), doa likakatwa pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi nzima, kisha nyuzi chache. Kipande kikatiwa ndani ya kichupa chenye dawa ya kukihifadhi, kipelekwe maabara Mwanza. Hapa tungependa kila familia iwe kali: doa lililokatwa lisitupwe, kwa kuwa ni maabara tu iwezayo kusema lilikuwa nini, na kama lilikuwa baya, lilizama kina gani. Anayelikata nyumbani kwa wembe au kulichoma kwa maji ya betri huuharibu ushahidi huo, na ugonjwa huenda ukaendelea chini ya kovu.

Majibu hayajafika. Jana alasiri tulimkuta mkekani, mguu ameunyoosha, birika na kisahani cha vumbi safi vikiwa kando yake. Mjukuu akainua birika.

"Ngoja, mwanangu," akamwambia, "huo mguu mwingine utazame kwanza."